Vijana wa sekondari na vituo vya wanyama: kazi zipi hasa mnaweza kufanya?

Binti wa Meru

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Naandika kwa sababu msimu umefika. Kidato cha nne wamemaliza mtihani mwezi Novemba na watakaa nyumbani mpaka Julai wakisubiri kwenda kidato cha tano. Kipindi hiki ndipo vijana huniandikia: "Dada, napenda sana wanyama, nataka kujitolea, naanzia wapi?" Wikendi huwa nasimamia wanaojitolea katika kituo kimoja cha mbwa na paka huku Arusha. Nimeona niweke majibu mahali pamoja, na wenye uzoefu wa kwingine waongezee.

Kwanza mjue kwamba vituo vyenyewe ni vichache. Arusha tuna bahati: wapo Mbwa wa Africa kule Usa River, wapo Every Living Thing, wapo ASPA ambao sehemu kubwa ya kazi yao ni punda. Dar kuna TSPCA, Unguja kuna ZAASO, Nairobi kuna KSPCA kule Karen, Kampala kuna USPCA. Vituo vya namna hii huishi kwa michango, na mara nyingi wanyama ni wengi kuliko mabanda, mikono ni michache kuliko kazi. Kwa hiyo swali la kwanza la kijana lisiwe "nataka kufanya nini", liwe "nyinyi mmepungukiwa na nini". Piga simu au andika kabla hujafika, uliza hivyo hivyo.

Wengi wanaokuja mara ya kwanza wana picha ya kubeba watoto wa mbwa. Naelewa, hata mimi kilichonivuta ni hicho. Lakini siku ya kituo huanza na kinyesi, na kijana anayejua kusafisha banda sawasawa anaokoa wanyama wengi kuliko anayejua kuwabembeleza. Sababu kubwa ni parvo, ugonjwa wa kuambukiza wa mbwa. Virusi vyake hukaa kwenye sakafu na udongo kwa miezi mingi, na mtoto wa mbwa asiye na chanjo akivipata anaharisha damu na anaweza kufa ndani ya siku chache. Viatu vyako vinatosha kuvihamisha kutoka banda moja hadi jingine.

Ndiyo maana usafi una mpangilio wake. Unaanza na banda la watoto, unakwenda kwa wakubwa wenye afya, unamalizia kwa wagonjwa, na hurudi nyuma. Kinyesi kinazolewa kwanza, sakafu inamwagiwa maji, inasuguliwa kwa sabuni na kusuuzwa, ndipo inawekwa jiki iliyochanganywa, sehemu moja ya jiki kwa sehemu 30 za maji. Iache dakika kumi kisha suuza tena. Jiki ikimwagwa juu ya kinyesi nguvu yake inaishia pale. Ikimwagwa juu ya mkojo inatoa mvuke unaochoma macho na mapafu, yako na ya mnyama. Na kwenye banda la paka msitumie zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikiingia majini. Paka anajilamba miguu, na ini lake haliwezi kuzivunja.

Baada ya usafi kuna jikoni. Vituo vingi vyetu havina uwezo wa kulisha chakula cha dukani kila siku, hivyo mnapikwa ugali wa dona na dagaa, au chenga za mchele na vichwa vya samaki. Vitunguu havitiwi kabisa, maana vinaharibu damu ya mbwa na ya paka. Mifupa ya kuku iliyopikwa haiwekwi, kwa sababu hupasuka vipande vikali na kutoboa utumbo.

Halafu kuna kazi ninayoipenda kuliko zote. Mbwa aliyepigwa mawe miaka miwili mtaani haponi woga kwa kushikwashikwa kwa nguvu. Anapona mtu akikaa nje ya banda lake, ubavu ukimwelekea badala ya uso, akasema kwa sauti ya kawaida, bila kumtazama machoni. Kule Missouri, Marekani, tangu 2015 kuna mpango wa watoto kuwasomea vitabu mbwa walioko kwenye vizimba, na mbwa waoga wanajifunza kusogea mbele badala ya kujibanza nyuma. Jambo hilo halihitaji hela. Vijana wetu wanakuja na madaftari, wanajisomea kwa sauti mbele ya banda, mbwa anazoea sauti ya binadamu, na mtoto anarudi nyumbani akiwa amepitia mada nzima ya Jiografia.

Jambo moja nalisisitiza. Kijana anayekuja kila Jumamosi saa mbili asubuhi ana faida kuliko kundi la watu arobaini linalokuja mara moja na fulana zilizochapishwa, likapiga picha, likaondoka. Mbwa mwoga anakuhitaji wiki ijayo na ile inayofuata. Kama huwezi kila wiki, sema mapema unaweza lini. Na kama hujafika miaka 18, njoo na barua ya mzazi yenye namba ya simu. Tunaitaka ili kujua nani wa kumpigia.

Karibuni mchangie.

Mama Wairimu

Asante dada kwa maelezo. Mimi niko Nairobi, na binti yangu wa miaka kumi na mitano ananisumbua kuhusu jambo hili tangu likizo ya Agosti. Sina shida na kinyesi, sina shida na ratiba. Kinachonikosesha usingizi ni kichaa cha mbwa. Huko vituoni mbwa wanatoka barabarani, hakuna anayejua wametoka wapi. Mtoto aking'atwa je? Naomba mtu anayejua kazi hii anijibu bila kunituliza tu.

Daktari wa Mifugo Moro

Mama, swali lako lina uzito na nitalijibu wazi.

Kichaa cha mbwa kinaua takribani watu 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia. Katika kila visa mia vya binadamu, karibu 99 chanzo ni mbwa. Katika kila watu kumi wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, wanne hivi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, tiba hakuna. Lakini kabla ya hapo kinazuilika kabisa, na hapo ndipo pa kuweka nguvu.

Kabla binti yako hajaanza, ukiulize kituo mambo haya: mbwa wote wakubwa wamechanjwa? Mbwa mpya anatengwa kwanza, au anaingizwa moja kwa moja kwa wenzake? Nani anaruhusiwa kumgusa aliyetoka barabarani leo? Kituo kizuri kitakujibu bila kukasirika, na kitakuambia kwamba mwenye umri wa binti yako hagusi mnyama mpya, hagusi mgonjwa, haingii kutenganisha mbwa wanaopigana. Wasipokuwa na majibu, tafuta kazi nyingine ya kuwasaidia ukiwa nje ya geti. Kwa anayekusudia kushika mbwa mara kwa mara, ipo chanjo ya kinga inayotolewa kabla ya kung'atwa. Muulizeni daktari hospitalini.

Watu wengi hudhani mtoto wa mbwa hawezi kuwa na kichaa. Anaweza. Na chanjo yake kwa kawaida hutolewa akifika miezi mitatu, kwa hiyo yule mdogo anayebembelezwa na kila mtu ndiye ambaye huenda hajachanjwa.

Aking'atwa, au hata akikwaruzwa au kulambwa penye kidonda: sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, ukipima kwa saa. Usiweke pilipili, mafuta ya taa wala majani. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo, na sindano zote zimalizwe kwa tarehe zake. Sijui kwa nini dakika 15 hazifundishwi kila shule ya msingi. Zinaokoa maisha na hazigharimu kitu zaidi ya kipande cha sabuni.

Niwaambie pia kwamba ugonjwa huu unaondoka kweli pale mbwa wanapochanjwa. Kinachohitajika ni kuchanja mbwa saba katika kila kumi, na kurudia. Vijiji vya kuzunguka Serengeti vimekuwa na kampeni za chanjo ya mbwa tangu 2003 na idadi ya wanaong'atwa na mbwa wenye kichaa ilishuka sana. Pemba walianza kuchanja 2010, ugonjwa ukaisha, ukarudi 2016 baada ya chanjo kulegea, wakachanja upya na kuumaliza tena 2018. Na kwa wanaodhani mbwa wa kijijini hana uhusiano na utalii: mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao chimbuko lake lilikuwa mbwa wa vijijini, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Mama Wairimu

Nimekuelewa vizuri daktari. Nitakwenda naye mwenyewe mara ya kwanza na nitauliza maswali hayo moja baada ya jingine. Mungu akubariki.

Kijana wa Fuoni

Assalaam alaykum. Mimi nipo Unguja, kidato cha tatu. Napenda kusaidia lakini nyumbani mama hataki kabisa habari ya mbwa, anasema nitarudi na najisi nisali vipi. Sitaki kumkosea mama. Je, kuna namna?

Bi Mkubwa wa Mji wa Kale

Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza nimefurahi umesema hutaki kumkosea mama. Shika hapo hapo.

Sisi wa pwani wengi tuko katika madhehebu ya Imam Shafi. Humo mate ya mbwa, au mwili wake ukiwa na majimaji, ni najisi nzito, na palipoguswa paoshwe mara saba, moja kwa udongo. Kugusa pakavu kwa pakavu hakuleti najisi. Kwa hiyo mama hakusema uongo. Lakini najisi ni jambo la kuosha, haina maana ya kumchukia kiumbe. Katika Sahihi za Bukhari na Muslim mna habari ya mtu aliyemkuta mbwa analamba tope kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba walipouliza kama kuna ujira katika wanyama, Mtume, rehema na amani zimshukie, akawajibu kwamba kila chenye uhai kina ujira. Na mna habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula wala kumwacha ajitafutie.

Basi mwanangu, paka wapo tele Unguja na paka si najisi. Nenda ukaulize kituoni kama unaweza kuwekwa upande wa paka, au jikoni, au kuandika kumbukumbu. Mama ukimwambia hivyo, kwa adabu, hatakukatalia. Na mwambie aje aone mwenyewe.

Mwana Lamu

Niongezee hapo kwa Bi Mkubwa. Huku kwetu mnyama mwenye haja ni punda, na punda hana neno kwa sala ya mtu. Lamu mizigo mingi inapita kwa punda: mawe, mchanga, mifuko ya saruji. The Donkey Sanctuary wana zahanati yao hapa tangu 1987, wanatibu bila malipo, na kuna mashindano ya punda aliyetunzwa vyema. Kijana anayeshinda siku hiyo anatembea mji mzima kifua mbele.

Kazi ya kijana wa hapa ni hii. Unamtazama punda wa jirani chini ya shogi na penye kamba. Kamba ya nailoni inakata ngozi, na kidonda kikilaliwa na mzigo kila siku hakiponi. Unamwambia mwenye punda kwa heshima, maana ni mtu mzima na huyo ndiye riziki yake: "Baba, nikupelekee zahanati akatazamwe?" Wengi wanakubali kwa sababu wao wenyewe hawana muda wa kwenda. Unaweka gunia au kitambaa kinene chini ya kamba. Unampa maji adhuhuri.

Na plastiki. Punda wakila jaani wanameza mifuko, inajifunga tumboni, wanakufa kwa msokoto wa utumbo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 lakini jaani bado imo, na nyingine inaletwa na bahari. Vijana wakisafisha jaa moja wanaokoa punda kuliko dawa. Mimi nalisema hili kila ninapopata mtu wa kunisikiliza.

Mtaa wa Saba

Sina nia mbaya, ila naomba niulize kwa uwazi. Mtaani kwetu watoto wanakwenda shule bila chai. Halafu kijana anaambiwa akampikie mbwa dona na dagaa. Mbona hatuanzi na binadamu?

Mwalimu wa Baiolojia

Mkuu, swali lako ni la haki na nimelisikia mara nyingi kwa wazazi.

Nikujibu kwa nilichokiona kazini. Nafundisha shule ya kata. Mtoto aking'atwa kijijini, familia inahitaji nauli ya kwenda hospitali yenye chanjo, mara kadhaa, na mahali ambapo sindano zinalipiwa nimeona watu wakiuza mbuzi ili mtoto amalize dozi. Chanjo ya mbwa mmoja ni sehemu ndogo sana ya gharama hiyo. Anayekufa kwa kichaa cha mbwa mara nyingi ni mtoto wa huyo huyo anayekwenda shule bila chai. Punda akifa kwa kidonda, aliyekuwa anabebewa maji ni mama yake. Siwezi kutenganisha hayo mawili hata nikijaribu.

Na jambo jingine: kijana niliyemwona akijifunza kumtuliza mnyama aliyeogopa, nimemwona pia akibadilika kwa wenzake darasani. Hilo sina takwimu yake, ni macho yangu.

Mtaa wa Saba

Sawa mwalimu. La chanjo nimelielewa.

Sengerema F4

Shikamooni wote. Mimi nimemaliza kidato cha nne mwaka huu, nipo Sengerema. Vituo mlivyotaja vyote viko mbali, huku hakuna hata kimoja. Mbwa wanazurura wengi, halmashauri ikitangaza, mbwa wasiofungwa wanauawa. Nikiwa na rafiki zangu wawili tunataka kufanya kitu. Tunaweza bila kituo?

Binti wa Meru

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri, kwa sababu vijana wengi wa nchi hii wako kama wewe.

Mnaweza, na pengine mtafanya makubwa kuliko sisi wenye mabanda. Kituo ni mahali ambapo tatizo limeshafika. Mbwa jike hubeba mimba kama siku 63 tu, paka karibu hivyo hivyo, na paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, bado mtoto mwenyewe. Hata tujenge mabanda mangapi hatutashinda hesabu hiyo. Kinachoishinda ni kuhasi na kufunga kizazi, kuchanja, na mwenye mbwa kumtunza ndani ya uzio wake. Yote matatu yanaanzia nyumbani kwa mtu, na nyumbani kwa mtu nyinyi mnaingia kwa urahisi kuliko mgeni yeyote mwenye gari.

Kwa hiyo nendeni kwa afisa mifugo wa kata. Msiende na lawama ya mbwa waliouawa, nendeni na ombi: "Tupo watatu, tunasoma na kuandika, tuna muda mpaka Julai, tukusaidie nini kwenye chanjo?" Kampeni nyingi za chanjo huwekwa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, lakini maandalizi ni ya mwaka mzima, na mara nyingi zinakwama kwa sababu watu hawakujua siku, au mbwa walikuja bila kamba wakapigana, au hakuna aliyeandika kadi. Kijana anaweza kubeba yote hayo. Kamba nzuri za mbwa mnaweza kusuka wenyewe kwa katani au vitambaa vilivyochakaa.

Na mkimwona mtu anamtesa mnyama, msigombane naye barabarani. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mwambieni mtendaji wa kijiji au afisa mifugo, mkiwa na mtu mzima.

Mkufunzi Nakuru

Kwa vijana wa Kenya, kumbukeni President's Award, ule mpango ulioanza 1966 kwa wenye miaka 14 hadi 24. Una sehemu ya huduma kwa jamii, na kwa ngazi ya Shaba unatakiwa kutoa huduma kila wiki kwa muda usiopungua miezi mitatu. Nina wanafunzi walioitimiza kwa kufanya kazi kituo cha wanyama. Muhimu kubaliana mapema na msimamizi wa kituo kwamba atakusainia kitabu, na uandike kila siku ulichofanya. Miezi mitatu ya mfululizo ni ile ile dada wa Arusha anayoililia.

Paka wa Upanga

Naomba niseme kuhusu paka wachanga, maana vijana ndio huwaokota, tena mara nyingi bila haja. Ukikuta vitoto vya paka peke yao, usivibebe mara moja. Kaa mbali, ngoja saa kadhaa. Mama yao mara nyingi ameenda kutafuta chakula na hatarudi wewe ukiwa umesimama pale. Ukivichukua umemnyang'anya mama aliyekuwepo.

Vikiwa kweli havina mama, cha kwanza ni joto kabla ya maziwa. Mtoto aliyepoa hawezi kumeng'enya chakula. Chupa ya maji moto iliyofungwa kwa kanga, ndani ya boksi, na nafasi ya kujisogeza akiona joto limezidi. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha, tafuta maziwa maalumu ya watoto wa paka kwa daktari. Analishwa akiwa amelala kifudifudi, tumbo chini, kama anavyonyonya kwa mama yake. Ukimlaza chali maziwa yanaingia mapafuni. Kila baada ya kula unampangusa chini ya mkia kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, kwa sababu mdogo hivyo hawezi kukojoa bila kuamshwa. Na analishwa usiku pia. Kituo chenye mlinzi mmoja usiku hakiwezi kazi hiyo, ndiyo maana nyumba ya kijana yenye mzazi aliyekubali ina thamani kubwa sana.

Mambo mawili yanayoua paka kila siku majumbani kwetu: panadoli, hata kipande cha kidonge, na dawa ya kupe na viroboto ya mbwa. Nyingi zina permethrini, sumu ya kuua wadudu, mbwa anaistahimili, paka anatetemeka mpaka afe. Mwambieni kila mtu mwenye paka. Hilo peke yake ni kujitolea.

Mpiga Picha Tabata

Mimi nasaidia kwa simu yangu tu. Mnyama anayekaa muda mrefu kituoni mara nyingi ni yule ambaye picha yake imepigwa kutoka juu, nyuma ya nondo, macho yanawaka kwa taa ya simu. Piga magoti ufike usawa wa macho yake. Zima taa. Mtoe kivulini, umweke penye mwanga wa asubuhi, hasa mwenye rangi nyeusi, maana ndani ya banda haonekani sura. Kipande kimoja cha video fupi akitembea kwa kamba kinamsaidia mtu kuona tabia yake.

Kwenye maelezo andika ukweli: umri, amehasiwa, amechanjwa, anaishi na watoto au hapana, anabweka usiku au hapana. Ukificha kwamba anafukuza kuku, atarudishwa baada ya wiki, na kurudishwa kunamvunja mnyama. Na kituo kikisema mahali fulani pasipigwe picha, usipige.

Mwalimu wa Baiolojia

Kuhusu vitu na fedha, maana vijana huniuliza. Magazeti ya zamani, mashuka, taulo na mablanketi yaliyochakaa, ndoo, maboksi ya paka kujificha: hivi mnaweza kukusanya shuleni bila kugusa hela ya mtu. Taulo zenye nyuzi zinazochomoka ziwekeni pembeni, mnyama anameza nyuzi. Mito ya pamba hapana, inachanwa dakika tano.

Fedha ikichangwa, isipite kwenye simu ya mwanafunzi. Itumwe moja kwa moja kwenye namba ya kituo, na risiti ibandikwe ubaoni kila mchangaji aione. Hii inawalinda nyinyi kuliko mtu mwingine.

Na kwa wanaofikiria mbele: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) Morogoro wanafundisha udaktari wa mifugo, na vyuo vya mafunzo ya mifugo vya LITA vinachukua kidato cha nne kwa afya na uzalishaji wa mifugo. Kijana aliyeshika ndoo ya kituo anajua mapema kama kazi hii anaiweza.

Sengerema F4

Nimerudi. Leo tumeonana na afisa mifugo. Alidhani tumekuja kuomba kazi, baadaye akafurahi. Amesema anachohitaji kwanza ni orodha ya mbwa wa vitongoji vitatu, ili aombe chanjo kwa idadi sahihi. Tuandike nini kwenye hiyo orodha?

Daktari wa Mifugo Moro

Hongereni sana. Chora daftari lenye safu hizi: jina la kaya, kitongoji, idadi ya mbwa, jinsia ya kila mmoja, umri kwa makadirio, amewahi kuchanjwa lini na kama kadi ipo, anafungwa au anaachiwa. Paka waandikeni pia, wanachanjwa. Jike mwenye mimba au anayenyonyesha wekeni alama pembeni ili afisa ajue mapema. Safu ya mwisho andikeni saa ambayo mwenye mbwa yuko nyumbani, kwa sababu kampeni ikiwekwa saa nne asubuhi siku ya mnada hamtapata mtu.

Piteni watatu pamoja, jioni, mkiwa na barua ya afisa au mwenyekiti wa kitongoji. Pigeni hodi mkiwa nje ya uzio na msubiri mwenyewe atoke. Mbwa wasio na mwenyewe wahesabuni kwa mbali alfajiri, wanapokuwa jaani, na msimguse hata mmoja. Orodha ikikamilika mpeni afisa nakala, moja bakini nayo.